Kuiruka toni: swichi moja ndani ya gita la umeme

Wapiga benga wanaoniletea magita kibandani Kariobangi, Nairobi, huwa na ombi moja: "Fundi, hii gita iko na blanketi. Nifungulie." Yaani sauti imefifia, haina ukali. Nobu za toni ziko 10, trebo ya ampu imepandishwa hadi mwisho, na bado solo inamezwa na besi. Wengi wanaamini toni, yaani nobu ya kupunguza ukali wa sauti, ikiwa 10 imejitoa. Haijajitoa, bado iko kazini.

Kwenye Stratocaster (Strat) ya Fender na magita yaliyoigwa kwake, poti ya volyumu, yaani kile kipinga kinachozungushwa na nobu, huwa ya kilo-omu 250, na ya toni vilevile. Hata ukiifungua toni yote, sauti nyembamba bado ina njia ya kuvujia: inapita kwenye poti, inaingia kapasita, inaishia ethi. Kwa pikapu, ile sumaku yenye koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi, poti hizo mbili ziko sambamba, kwa hiyo inabeba mzigo wa kilo-omu 125 badala ya 250. Itoe toni njiani na ule mng'ao wa juu unarudi. Magita ya hambaka, yaani pikapu za koili mbili, kama Les Paul, kwa kawaida yana poti za kilo-omu 500, na huko tofauti ni ndogo. Mwenye Les Paul akija na lalamiko hilihili, kwanza naangalia kebo yake. Kebo ndefu ya mita 6 au zaidi nayo inakula trebo, na kuibadilisha hakuhitaji fundi.

Kabla hujafungua chochote, jaribu hivi. Chagua pikapu ya nyuma, ile iliyo karibu na brij (daraja linaloshika nyuzi upande wa mwili), peke yake, kisha zungusha nobu zote mbili za toni. Kwa waya za kiasili za Strat hakuna kitakachobadilika, kwa sababu pikapu hiyo haikupewa toni; huo ndio ukali wa sauti isiyopitia toni. Hata Fender wenyewe, kwenye Esquire yao yenye pikapu moja, walipanga swichi ikielekezwa nyuma sauti iruke toni kabisa. Kwa hiyo hapa hatuharibu kitu kitakatifu. Ila kama ukali wa aina hiyo unakuchoma masikio, achana na kazi hii. Wanaopiga roki na distosheni nzito nao huwa wanarudi kuniambia nifunge tena, ndiyo maana siku hizi sikati waya moja kwa moja. Naweka swichi.

Swichi yenyewe utaipata kwenye maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Usiseme habari za gita, utatazamwa tu. Sema unataka swichi ndogo ya kijiti, miguu mitatu, njia mbili, inayokaa pale ulipoiacha. Ipo inayofanana nayo lakini inarudi yenyewe ukiiachilia, hiyo mrudishie. Ongeza waya mwembamba, lehemu na washa (zile pete bapa za chuma) mbili tatu. Pasi ya kulehemu iwe ya wati 40 hivi. Ile ya 15 itakutesa kwenye mgongo wa poti.

Toa nyuzi, fungua skrubu za lile bamba la plastiki (mara nyingi ni 11), ligeuze taratibu, upige picha kwa simu. Picha hiyo utaihitaji.

Sitoboi tundu jipya. Naing'oa poti ya toni iliyo karibu na jeki (tundu la kuchomeka kebo), ile ya pikapu ya katikati, ambayo wateja wangu karibu wote hawaigusi, na swichi inakaa mahali pake. Shingo ya swichi ni kama milimita 6 na tundu ni pana zaidi, hapo ndipo washa zinafanya kazi. Sasa, hii poti usiing'oe kwa pupa. Kapasita ya toni mara nyingi inatumiwa na poti zote mbili, na huenda imelehemiwa kwenye hiyo unayoitoa. Isome: 223 ni mikrofaradi 0.022, 473 ni 0.047. Ihamishie kwenye toni inayobaki, mguu mmoja pale ulipokuwa ule waya wa kuunganisha poti mbili, mguu mwingine kwenye mgongo wa poti. Kisha fuata nyaya za ethi. Huwa zinapita mgongo kwa mgongo, na ukitoa poti moja unaweza kuwa umekata mnyororo wote. Unganisha tena volyumu na toni iliyobaki. Nikiletewa gita linalovuma baada ya mtu kujichezea nyumbani, hapa ndipo ninapoanza kutafuta, na ni mara chache ninakosa.

Waya uliokuwa ukienda kwenye toni uliyoing'oa, utoe wote hadi kwenye swichi ya pikapu. Uliobaki, wa kwenda toni ya pikapu ya mbele (iliyo karibu na shingo ya gita), ukate katikati. Ncha moja kwenye mguu wa kati wa swichi mpya, ya pili kwenye mguu wowote wa pembeni. Wa tatu uache mtupu.

Mgongo wa poti ukwaruze kwa msasa kwanza, upashe moto hadi lehemu itandae yenyewe. Ikikauka ikiwa kijivu na madonge, rudia. Kwenye miguu ya swichi fanya kinyume, gusa na utoke haraka, plastiki yake haivumilii.

Usifunge bado. Chomeka ampu, weka toni 0, gonga pikapu ya mbele kwa ncha ya bisibisi huku ukigeuza swichi. Upande mmoja mlio utakuwa butu, upande wa pili mkali. Mvumo kidogo wa stima ni kawaida kwa pikapu za koili moja kama hizi, lakini ukizidi wa awali, rudi kwenye ethi.

Jambo la mwisho: ukishusha volyumu, ukali nao bado utapungua, na hilo halitokani na toni. Kuuzuia usipungue, lehemu kapasita ndogo ya pikofaradi 1,000, iliyoandikwa 102, kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kati wa volyumu.