Kusoma lebo ya chakula bila kupigwa changa la macho

Achana na mbele ya pakiti. Kule ndo wamechora matunda na kuandika "asilia" kwa maandishi makubwa, hayo ni matangazo, we geuza nyuma utafute lile jedwali la herufi ndogo zinazoumiza macho.

Kama kuna safu ya gramu 100 shikilia hiyo hiyo, usihangaike na "kwa sehemu moja", maana wanaweza kukuambia sehemu moja ni biskuti 2 na we ukifungua unafagia pakiti nzima. Kwa gramu 100 unalinganisha pakiti yoyote na yoyote. Uingereza wana vipimo vizuri vya kukariri, kwa rangi kama taa za barabarani, nyekundu ni nyingi, kijani ni kidogo, vyote kwa gramu 100: sukari ikizidi gramu 22.5 ni nyekundu, 5 kushuka chini ni kijani, chumvi ikizidi 1.5 nyekundu, 0.3 kushuka kijani (vinywaji vina vipimo vyake, vikali zaidi).

Ukikuta wameandika sodiamu badala ya chumvi zidisha mara 2.5. Yani miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, sasa piga hesabu mwenyewe.

Halafu viambato. Vinapangwa kwa uzito, kilichojaa zaidi kinatangulia, na hapa ndo wajanja wanapocheza, sukari wanaigawa majina manne, glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi, kila moja inashuka chini kwenye orodha unadhani ni kidogo kumbe ukizijumlisha ndo zimejaa humo.

Utasema nani ana muda wa kusoma yote hayo? Sawa, ila lebo inamsaidia hata asiyesoma. Marekani walipolazimisha mafuta ya transi (yale yanayogandishwa kiwandani, mabaya kwa moyo) yaandikwe, 2006, viwanda vingi vikabadili mapishi kabla hata hayajapigwa marufuku, hakuna aliyetaka kuonekana nayo. Chile 2016 wakaweka alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti, za kuonya kwamba kitu kina sukari au chumvi nyingi, ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ukashuka na viwanda navyo vikapunguza sukari. Mi naona hiyo ndo kazi kubwa ya lebo, kumuaibisha mtengenezaji.

Na mwenye kisukari usiishie kwenye mstari wa sukari, angalia kabohaidreti yote, wanga nao ukishaliwa unageuka sukari mwilini.