Kanga uliyoilalia kwa paka mgeni
Paka wa mtaani uliyemleta nyumbani akijibanza uvunguni, usimvute. Mweke chumba kimoja kidogo, laza boksi ubavu, mtandikie kanga uliyoilalia, bila kuifua. Paka hutegemea sana pua kujua nani mwenzake, kwa hiyo anakuzoea hata ukiwa kazini. Jioni kaa sakafuni, mgeuzie ubavu, weka dagaa wachache wasio na chumvi karibu na goti, na usimkazie macho. Kwake huko ni kutishwa. Wangu alitoka siku ya nne, masharubu kwanza. Mgonjwa hatafaidika na kanga: akipitisha siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na aliyekua bila kushikwa na mtu huenda asikubali kamwe kupakatwa.