Video Inayokatakata Baada ya Kubadilishwa Fomati: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kuirekebisha

Mama wa bibi harusi mmoja alinipigia simu siku mbili baada ya kupokea flashi yake, akanisalimu kwa upole, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona watu wote wanatembea kama wanaokanyaga makaa?" Nilikwenda kwake, nikaketi mbele ya runinga yake, nikaona alichokuwa anakiona. Katika sehemu ambayo kina mama wanaingia ukumbini kwa vigelegele, kila hatua ya mguu ilikuwa inasita kidogo kisha inaruka, ilhali sauti ilikwenda vizuri bila kasoro yoyote. Kazi ile niliikagua kwenye kompyuta yangu kwa haraka kabla ya kuikabidhi, na sehemu ile niliipita.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ninaoufuata kila video inapokatakata baada ya kubadilishwa kutoka fomati moja kwenda nyingine, na ndio ninaoueleza hapa. Msingi wake ni kwamba neno "inakatakata" hubeba maradhi zaidi ya moja. Huenda fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zimevurugwa ndani ya faili lenyewe. Huenda faili ni zima ila kifaa kinashindwa kulisimbua, yaani kuzifungua picha zilizobanwa. Au huenda flashi haitoi data kwa kasi inayotakiwa. Dawa ya moja haitibu jingine, na anayekimbilia kubadilisha fomati upya kabla ya kupima huishia na video inayokatakata vilevile na ambayo sasa picha yake imefifia, kwa sababu kila mbano mpya hula sehemu ya ubora. Kwa hiyo weka faili la asili mahali salama, na kila marekebisho yaanzie kwake, kamwe yasianzie kwenye nakala iliyokwisha kubadilishwa.

Hatua ya kwanza: tazama inakatika vipi na wapi

Cheza video mara mbili na uandike dakika na sekunde za mahali inapokatika. Ikiwa inaruka kwa mpigo wa kujirudia, hasa mtu anapotembea au kamera inapozungushwa polepole, na ikawa hivyo katika kila kifaa, shuku kasi ya fremu. Ikiwa inaganda pale tu picha inapokuwa na mambo mengi, kama vile watu wakicheza chini ya taa za rangi, shuku uwezo wa kifaa au kasi ya flashi. Ikiwa kingo za vitu vinavyosogea zina mistari kama meno ya kitana, hilo ni suala la kanda za zamani, nami nitalieleza mbele.

Kuna tahadhari moja hapa. Skrini nyingi za kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na video ya fremu 25 haigawanyiki sawasawa humo, kwani 60 ukiigawanya kwa 25 unapata 2.4. Baadhi ya fremu hukaa vipindi viwili na nyingine vitatu, na jicho makini huona mtikisiko mdogo ambao haumo ndani ya faili. Kwa sababu hiyo usitoe hukumu ya mwisho kwenye kompyuta ikiwa video itatazamwa kwenye runinga.

Hatua ya pili: lisome faili kabla ya kuligusa

Pakua FFmpeg, programu ya bure ambayo huja pamoja na ffprobe. Fungua dirisha la amri katika folda yenye video, kisha andika:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,level,pix_fmt,width,height,field_order,r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 harusi.mp4

Fanya hivyo kwa faili la asili na kwa faili lililobadilishwa, uweke majibu kando kwa kando. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia MediaInfo, inayotoa habari hizohizo kwa dirisha la kawaida. Tofauti kati ya majibu hayo mawili mara nyingi ndiyo inayokuonyesha tatizo lilipoingilia.

Hatua ya tatu: kasi ya fremu

Hapa ndipo ninapoombwa msaada mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Afrika Mashariki ilifuata mfumo wa runinga uitwao PAL, na umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo maana kamera za wapiga picha wengi hurekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde. Simu, kwa upande wake, kwa kawaida hurekodi 30 au 60. Ukichukua kipande cha simu chenye fremu 30 na kukitoa kwa 25, programu hulazimika kutupa fremu moja katika kila sita, yaani mapengo matano kila sekunde. Ukifanya kinyume, kutoka 25 kwenda 30, kila baada ya fremu tano moja hurudiwa, na mwendo husita. Ndicho kilichowapata kina mama wale wa vigelegele: maingilio yalipigwa kwa simu ya ndugu, sherehe iliyobaki kwa kamera, nami nikatoa vyote kwa 25.

Simu ina tabia nyingine, nayo ni kwamba haishiki kasi moja. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, fremu huchelewa, na faili huandikwa muda wa kila fremu kama ilivyokuja. Katika majibu ya ffprobe utaona r_frame_rate ikisema 30/1 wakati avg_frame_rate, ukiigawanya, inatoa 29.8 au hata 27. Programu nyingi za kuhariri hutarajia kasi isiyobadilika, na zikilishwa faili kama hilo picha huruka na sauti hujitenga na midomo kadiri dakika zinavyosonga. Kwa uthibitisho, endesha amri hii usome mstari wa mwisho:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf vfrdet -an -f null -

Namba inayofuata neno VFR ikiwa sifuri, kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho; ikiwa kubwa kuliko sifuri, kasi inabadilika, na inafaa uinyooshe kabla ya kuanza kuhariri. Katika HandBrake, chagua "Constant Framerate" na uandike kasi iliyo karibu kabisa na ya asili badala ya kuiachia programu ichague. Katika FFmpeg, fps=30 ndani ya vichujio hufanya kazi hiyohiyo.

Na pale unapokuwa na 25 na 30 katika kazi moja? Ushauri wangu ni kuchagua kasi ya sehemu iliyo kubwa zaidi, kisha sehemu yenye kasi nyingine, ikiwa inajitegemea, uitoe kama faili la peke yake kwa kasi yake ya asili. Upo uwezekano wa kubuni fremu za katikati kwa kichujio kiitwacho minterpolate, lakini ni cha polepole mno, na katika ngoma mikono inayokwenda kasi hutoka imepindapinda na kuyeyuka. Mimi sikitumii kwa watu wanaocheza. Ukiwa bado hujarekodi, zungumza mapema na ndugu wenye simu. Kwenye iPhone, katika mipangilio ya kamera, kuna sehemu ya kuwasha fomati za PAL, na hapo 25 hupatikana. Ikishindikana, basi mwombe mpiga kamera arekodi 30, ila achunge kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga), kwa kuwa taa za umeme wetu zinaweza kumemeteka kwenye picha.

Hatua ya nne: uwezo wa kifaa

Fungua video kwa VLC kwenye Windows, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, kisha nenda kwenye ukurasa wa takwimu. Humo kuna idadi ya fremu zilizoonyeshwa na zilizopotea. Fremu zilizopotea zikiongezeka kila picha inapokatika, kompyuta ndiyo inayozidiwa. Njia ya pili ni kuiamuru FFmpeg isimbue bila kuonyesha:

ffmpeg -i harusi.mp4 -an -f null -

Mwishoni utaona neno speed. Likiwa chini ya 1x, kichakataji cha kompyuta peke yake hakiwezi kuifungua video ile kwa wakati.

Kwa runinga, tazama pix_fmt (namna rangi za picha zinavyohifadhiwa) kwanza. Inatakiwa isomeke yuv420p. Simu mpya nyingi hurekodi HEVC (njia mpya ya kubana video) ya biti 10 zikiwa zimewashwa HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), na ukibadilisha faili hilo kuwa H.264 (njia ya kubana iliyotangulia HEVC) bila kutaja pix_fmt, FFmpeg inaweza kubakiza biti hizo 10, nawe ukapata yuv420p10le na profile ya High 10. Kompyuta itaicheza, nawe utaamini umemaliza, lakini runinga nyingi hazina saketi ya kusimbua H.264 ya aina hiyo. Kisha tazama level (kiwango cha uzito wa video kwa kifaa): 41 huchezwa na runinga nyingi zenye ukubwa wa 1920 kwa 1080, ilhali 51 ni ya video za 4K, nayo hulemea vifaa vya zamani.

Hatua ya tano: flashi

Nakili video kwenye diski ya kompyuta uicheze, kisha uicheze ileile ikiwa ndani ya flashi. Ikikatika ndani ya flashi pekee, faili halina ugonjwa. Badilisha flashi, au upunguze kilele cha kasi ya biti (kiasi cha data kwa sekunde) kwa maxrate na bufsize kama inavyoonekana katika amri iliyo hapa chini, kwani kubana kwa crf (kipimo kinacholenga ubora wa picha) peke yake huruhusu kasi kupanda sana pale picha inapochangamka.

Kanda za zamani

Kanda za MiniDV za PAL zina picha ya 720 kwa 576, na kila fremu imegawanywa nusu mbili zinazorekodiwa kwa kupokezana: mistari witiri na mistari shufwa. Nusu hizo zikichezwa kwa mpangilio uliopinduliwa, mtu hupiga hatua mbele, akarudi nyuma, akaenda tena mbele, mara 25 kwa sekunde, na macho huuma. DV huanza na nusu ya chini, kwa hiyo itaje waziwazi: bwdif=mode=send_field:parity=bff. Utapata fremu 50 kamili kwa sekunde, na mwendo laini kama ulivyokuwa kwenye kanda.

Hatua ya mwisho: jaribu dakika moja kwanza

Kwa video ya simu iliyopigwa kwa upana, amri ninayoitumia ni hii:

ffmpeg -ss 00:12:00 -t 60 -i asili.mp4 -vf "scale=1920:-2,fps=30" -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -maxrate 12M -bufsize 24M -g 60 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 jaribio.mp4

Sehemu ya -ss na -t hukata dakika moja tu kuanzia dakika ya 12. Weka hapo dakika uliyoiandika katika hatua ya kwanza. Ikiwa asili ni ya fremu 25, andika fps=25 na -g 50. Tia jaribio kwenye flashi ileile atakayopewa mteja, ulicheze kwenye runinga, ikiwezekana runinga yake, na utazame miguu ya watu wanaotembea. Ikienda sawa, ondoa -ss na -t, utoe video nzima.

Yule mama nilimrudishia flashi yenye mafaili mawili, maingilio kwa fremu 30 na sherehe kwa 25. Tulitazama pamoja kina mama wakiingia ukumbini, akanyanyuka kumwonyesha mjukuu wake aliposimama yeye.