Paa bapa la zege: anza juu
Nyumba aliyotuachia baba hapa Mbeya ni ya miaka ya 1960: paa bapa la zege, madirisha ya chuma, sakafu ya terazo (vipande vya marumaru vilivyoshikwa kwa saruji na kusuguliwa). Fundi wa kwanza alitaka tufunike paa kwa bati. Nikampa nauli ya kurudi.

Anza Julai, mvua za Novemba zingali mbali. Zibua matundu ya kutolea maji, kisha mwaga ndoo kadhaa uone yanakotuama. Zege likimeguka, mara nyingi ni nondo iliyovimba kwa kutu. Usifunike kwa plasta! Chimbua hadi nyuma ya nondo, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ipake rangi ya kuzuia kutu, ndipo uzibe. Madirisha yanataka msasa na puti mpya ya kushikia vioo tu. Terazo, sabuni laini; siki hula marumaru.