Kusanifu jengo la abiria Tabora: anza na jua, upepo na miti

Mwongozo huu ni wa msanifu majengo anayeanza kuchora jengo dogo la abiria la kiwanja cha ndege. Nachukua Tabora: uwanda wa takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi kinachoanza Mei hadi Oktoba.

Hatua ya 1: Isome njia ya kurukia. Namba iliyopakwa mwisho wa njia, ukiizidisha kwa 10, inakupa mwelekeo wake kwa nyuzi. Njia hufuata upepo, na jengo hufuata njia. Kisha kimo: penye ndege kubwa za abiria, kila mita 1 ya jengo inadai mita 7 kutoka ukingo wa ukanda wa usalama, yaani eneo tupu linaloizunguka njia. Paa la mita 10 likae mita 70 nyuma.

Hatua ya 2: Lipange jua. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, ya Desemba liko kusini, na mara zote mbili liko juu sana, hivyo upenu mpana unatosha. Tatizo ni la asubuhi na jioni, linaloingia chini ya upenu wowote. Upande wa mashariki na magharibi weka stoo, vyoo na ukuta wa matofali ya matundu. Vioo, hapana.

Hatua ya 3: Paa. Inua kenchi, weka dari, acha matundu ya kutolea hewa moto juu kabisa. Jengo la mahujaji la kiwanja cha ndege cha Jeddah, Saudi Arabia, lililofunguliwa 1981, limeezekwa kwa mahema ya kitambaa na pande zake ziko wazi. Jangwani kule, umati unasubiri kivulini bila viyoyozi. Bati linalong'aa liepuke, humwakia rubani machoni.

Hatua ya 4: Wasindikizaji. Hapa natilia mkazo kuliko pote. Msafiri wetu haji peke yake: yuko mama, shangazi, jirani, watoto. Hawavuki ukaguzi, na michoro mingi huwaacha juani. Wape baraza pana lenye mabenchi, maji, choo, na mahali pa kuiona ndege ikiondoka.

Hatua ya 5: Miti na maji. Tabora ni mji wa miembe, na mkono utataka kuichora mbele ya jengo. Usiichore. Embe bivu huvuta popo na ndege wala matunda, na mmoja akiingia kwenye injini ni hatari kubwa. Panda miti ya kivuli isiyo na matunda ya nyama. Kwa sababu hiyohiyo usichimbe bwawa. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita za mraba 1,000 ni karibu lita 1,000. Ipeleke kwenye tangi lililofunikwa.

Mabenchi yawe ya mninga wa misitu ya miombo. Kagua kila ubao: kiini cha kahawia hustahimili mchwa, sehemu nyeupe ya pembeni huliwa.