Hofu ya Usiku: Kuisali Zaburi Mpaka Moyo Utulie

Ni usiku wa manane. Nyumba nzima imelala, wewe uko macho, moyo unadunda kana kwamba kuna mtu mlangoni. Mchana hofu hii ilikuwepo pia, ila kazi na mazungumzo viliifunika. Usiku haina wa kuizuia. Mwongozo huu ni wa Mkristo wa kanisa lolote anayetaka kujua afanye nini hasa saa hiyo, na ajiandae vipi kabla haijafika. Unahitaji Biblia, daftari, kalamu, taa na robo saa.

Kabla ya yote, tua mzigo mmoja usio wako. Wengi wameambiwa kwamba mwenye imani haogopi, hivyo sasa wana hofu mbili: wanaogopa jambo lenyewe, na wanaogopa kwamba kuogopa kwao kunamuudhi Mungu. Soma Marko 14:33. Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Na katika ile dhoruba ya Marko 4, alipowauliza wanafunzi mbona mmekuwa waoga, alikuwa ameshaukemea upepo na bahari imetulia. Kwanza aliwaokoa, ndipo akauliza. Ukikuta “usiogope” katika Biblia, soma mpaka mwisho wa sentensi, maana mara nyingi sababu inafuata hapo hapo, kama Isaya 41:10: “kwa maana mimi ni pamoja nawe.” Faraja imo katika ile sababu.

Maandalizi ya jioni

Usisubiri saa nane usiku ndipo uanze kupekua Biblia. Chagua zaburi zako mapema na uweke utepe au kipande cha karatasi kwenye kila ukurasa. Kama hujui uanzie wapi, chukua Zaburi 4, 91 na 134. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, iliziweka hizo tatu zisaliwe kila usiku kabla ya kulala, bila kubadilisha. Kurudia zile zile kila siku ndiko kunakosaidia: baada ya majuma machache zinakaa kichwani, na umeme ukikatika bado unazo. Zote pamoja ni mistari 27. Katika baadhi ya Biblia na vitabu vya sala vya Kikatoliki namba zinapishana kwa moja, na Zaburi 91 inaweza kuandikwa 90. Iangalie kwa maneno yake ya kwanza: “Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu.”

Kisha chukua daftari. Andika unachokiogopa kwa sentensi moja inayotaja mtu, kitu na siku. “Naogopa maisha” haisaidii kitu. Andika hivi: “Naogopa mwenye nyumba atatutoa tarehe 1 kwa sababu kodi ya miezi 2 haijalipwa.” Chini yake piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika la kufanya kesho: kumpigia kabla ya saa nne asubuhi, kumwomba tulipe kwa awamu. Upande wa kulia andika la kumwachia Mungu: moyo wake atakaposikia, na tutalala wapi akikataa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kila kosa lina matokeo yake. Anayejaza upande wa kulia tu anasali vizuri, analala, na kesho hampigii mtu. Usiku hofu inarudi, na ina haki ya kurudi, kwa kuwa jambo lenyewe halijaguswa. Anayejaza upande wa kushoto tu anakesha akipanga mambo yasiyo mikononi mwake, mfano kumbadilisha mtu tabia au kuzuia kifo. Wafilipi 4:6 inasema haja zetu na zijulikane na Mungu. Haja haijulikani mpaka itajwe, na ukiitaja utashangaa jinsi inavyopungua ukubwa ikishakaa kwenye karatasi.

Kusali kwenyewe

Kaa. Usisali ukiwa umelala chali, utachanganya sala na mawazo. Miguu iguse sakafu, mgongo uegemee ukuta, mikono iwe wazi juu ya magoti. Soma kwa sauti ya chini, lakini sikio lako lisikie. Kusoma kwa macho pekee hakutoshi usiku, maana macho yanateleza juu ya maneno na hofu inaendelea kusema nyuma yake.

Mistari ya zaburi karibu yote ina nusu mbili. Tumia hilo. Vuta pumzi polepole kwa pua, kimya. Toa pumzi ukisema nusu ya kwanza: “Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara.” Nyamaza. Vuta tena. Toa na nusu ya pili: “Maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama.” Nyamaza tena kabla ya kwenda mbele. Ndivyo watawa wanavyoimba zaburi tangu zamani, wakitua katikati ya mstari, na kile kituo si pambo. Pumzi inayotoka polepole hupunguza mapigo ya moyo, na moyo ukipungua kasi, maneno yanapata pa kukaa. Asikutishe mtu kwamba hilo ni kutegemea mwili. Aliyeuumba moyo ndiye aliyeyaumba mapafu.

Zaburi 4 isomwe kwa dakika 2 hivi. Ukiimaliza kwa nusu dakika unakimbia, rudia. Mawazo yakitoroka (yatatoroka, hata kwa waliozoea) rudi kwenye mstari ulipoishia, usianze upya toka mwanzo. Anayeanza upya kila akikosea ameshaanza kuamini kwamba maneno hayafanyi kazi mpaka yatamkwe bila kasoro, na hiyo si sala tena.

Ukimaliza zaburi, soma kwa sauti sentensi yako ya daftari, kisha upande wa kulia, halafu sema kwa maneno yako: “Haya nimekupa.” Funga daftari, liweke chumba kingine au chini ya kabati, mbali na mkono. Baki kimya dakika 3. Kama hofu inapiga tena, shika mstari mmoja mfupi na uurudie kwa pumzi. Zaburi 56:3 imeumbwa kwa kazi hiyo: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Angalia kwamba haisemi siku hofu itakapokwisha. Inasema siku ya hofu yenyewe.

Kuhusu kukemea kwa sauti kubwa: maombi ya namna hiyo yana mahali pake, pamoja na kusanyiko na wazee wa kanisa. Ukiwa peke yako saa nane usiku, mara nyingi kelele inaupandisha mwili, unamaliza ukitoka jasho na usingizi umekwenda zake. Shetani, kama yupo chumbani, hahitaji sauti kubwa kulisikia jina la Yesu.

Zaburi 91 si hirizi

Biblia iliyofunguliwa Zaburi 91 na kulazwa chini ya mto ni kitu cha kawaida majumbani mwetu. Wengine huinakili kwenye karatasi wakaishona kwenye nguo ya mtoto. Tunaelewa upendo ulio nyuma yake. Lakini kumbuka ni nani aliyeinukuu zaburi hiyo kule jangwani. Katika Mathayo 4:6 mjaribu anamnukulia Yesu maneno ya malaika watakaomchukua, ili ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Maneno yalikuwa ya kweli. Matumizi yalikuwa ya kumlazimisha Mungu. Yesu akakataa. Na zaburi yenyewe, ukifika mstari wa 15, inasema “nitakuwa pamoja naye taabuni,” kwa hiyo haikuahidi kwamba taabu haitafika. Itoe Biblia chini ya mto uisome, kisha iweke mezani.

Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na kila faraja inayouzwa. Maji ya chupa, chumvi, kitambaa, mafuta yenye bei, sadaka ya kiasi maalumu “ili kifungo kikatike”: anayekuuzia dawa ya hofu anahitaji uendelee kuogopa. Yakobo 5:14 inataja mafuta kweli, ila mgonjwa anawaita wazee wa kanisa na wao wanakuja kumwombea. Hakuna bei. Mathayo 10:8 imeliweka wazi: “mmepata bure, toeni bure.” Na kama umeambiwa kwamba jirani au mama mkwe ndiye anayekuroga, usiongeze neno. Hofu ya namna hiyo imevunja ndoa, imefukuza wazee majumbani, na imeua watu wasio na hatia.

Jinamizi

Kuna tukio moja linalowatisha waumini kuliko yote: unaamka, macho yanaona chumba, lakini mwili haunyanyuki, kifua kimekandamizwa, na unahisi kuna kitu kimesimama pembeni. Wazee waliita jinamizi. Katika usingizi wa ndoto, mwili hulegezwa misuli ili usitende unayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto inaendelea kuonekana ndani ya chumba halisi. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha hupita. Huja zaidi kwa mwenye uchovu mwingi, anayelala saa zisizo na mpangilio, na anayelala chali.

Likija, usipigane na mwili wote. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu au cha mkono, na moyoni sema neno moja tu, “Yesu,” kila pumzi inapotoka. Likipita, kaa kitako, washa taa, kunywa maji, soma Zaburi 4, kisha lala kwa ubavu. Kujua chanzo chake hakukuzuii kusali. Kunakuzuia kwenda kulipa pesa kwa sababu ya kulala chali.

Usiku faraja isipokuja

Utasali hivi na bado usiku mwingine moyo utabaki mzito. Usijilazimishe kuimba sifa. Soma Zaburi 88. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani, haina mstari wa furaha hata mmoja mwishoni, na bado ni Neno la Mungu. Kanisa Katoliki limeiweka katika sala ya mwisho ya kila Ijumaa usiku. Anayeisali hayuko peke yake. Usingizi ukikataa kwa dakika 20 hivi, toka kitandani, kaa kwenye kiti kwa mwanga hafifu, rudi utakaposinzia. Simu isiguswe.

Na usiudharau mwili. Eliya alipoogopa na kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, hakuhubiriwa. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo mazungumzo yakaja. Acha kahawa na chai kali kuanzia saa kumi jioni, usilale na njaa, lala saa ile ile.

Hofu nyingine ni hatia iliyovaa nguo za hofu: deni ulilolificha, fedha ya kikundi uliyoigusa, mtu uliyemdhulumu. Hiyo haitulii kwa pumzi wala kwa zaburi kumi. Zaburi 32:3 inasema mifupa ilichakaa kwa kunyamaza. Nenda kwenye kitubio, au kwa mchungaji, au kwa mzee wa kanisa anayetunza siri. Ungama, kisha panga namna ya kurudisha. Msamaha huja kwanza, malipo yanafuata kwa shukrani.

Kwa hofu za kawaida pia, mwambie mtu mmoja. Jumuiya ndogo ndogo au ibada ya nyumba kwa nyumba ni mahali pazuri pa kuombewa, lakini undani wa jambo mpe mmoja tu unayemwamini.

Hospitali ni lazima iwapo kifua kinauma au pumzi inakata, iwapo hofu imekunyima usingizi na kazi zaidi ya majuma 2, na siku hiyo hiyo kama mawazo ya kujiua yamekuja. Usibaki peke yako hata usiku mmoja. Usiache dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV kwa sababu umeombewa. Dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya ARV, huleta ndoto mbaya au kukosa usingizi. Mweleze mhudumu wa kliniki. Pengine saa ya kumeza itabadilishwa.

Mtoto akiamka analia

Usimwambie “nyamaza, zimwi litakusikia.” Umemthibitishia hofu yake. Washa taa, kaa kitandani pake usiwe umesimama, muulize ameona nini, na umwache amalize. Mzunguke naye chumbani, afungue mwenyewe pazia na mlango wa kabati. Kisha gawaneni mstari ule wa Zaburi 4: wewe sema nusu ya kwanza, yeye ajibu ya pili. Usiku wa kwanza atasema neno moja moja nyuma yako. Baada ya juma hivi atakuwa anakutangulia. Mwulize kama anataka taa izimwe au mlango uachwe wazi kidogo, na ufanye alivyosema.