Kabla ya kurudisha haki za msimamizi kwenye kompyuta ya nyumbani

Shangazi yangu anaishi Kadutu, hapa Bukavu, na kompyuta yake ndiyo inayowachapia barua na TFC, yaani kazi za kuhitimu, wanafunzi wa mtaa mzima. Siku moja alinunua printa nyingine. Alipotaka kuweka programu yake, skrini ikafifia, kikatokea kisanduku kinachodai neno la siri, na juu ya kile kisanduku jina la mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeitayarisha ile mashine kabla ya kuhamia Uvira. Kwa nia nzuri kabisa, ili virusi visiingie ovyo, akaunti ya shangazi aliifanya "Utilisateur standard", yaani ya kawaida, isiyoweza kuweka programu bila idhini, usimamizi wenye idhini hiyo akabaki nao mwenyewe.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, wewe unajua mambo haya, nisaidie kabla ya Jumatatu." Nilifika Jumamosi asubuhi, nikaketi, nikaanza. Sikuuliza kitu, sikunakili faili hata moja. Nikaingia katika mipangilio ya ndani ya mashine, ile inayotangulia Windows, nikabadilisha vitu viwili vitatu ili iwake kwa flashi. Ilipowaka tena, ikatoa skrini ya buluu inayotaka ufunguo wa tarakimu 48. Kazi za wanafunzi wawili zilikuwa humo ndani na hazikuwa mahali pengine popote duniani. Shangazi hakunigombeza. Aliketi tu kando yangu, mikono mapajani, akiitazama ile skrini.

Kurudisha haki za msimamizi ni kazi ya dakika mbili kwa mtu aliyejiandaa. Haya ndiyo maandalizi yenyewe, kwa watumiaji wa Windows 10 na 11. Maneno ya kwenye skrini nayaandika kwa Kifaransa, kwa sababu mashine nyingi za hapa kwetu zinazungumza Kifaransa.

Kwanza tazama vizuri kile kisanduku, maana kinasema zaidi ya watu wanavyodhani. Kikikuomba neno la siri na kuonyesha jina la mtu, basi msimamizi yupo ndani ya mashine; kinachokosekana ni neno lake la siri. Lakini ukiona hakuna mahali pa kuandika neno la siri, na kitufe cha "Oui" kimefifia hakibonyezeki, umebaki na "Non" peke yake, basi Windows haioni akaunti hata moja ya msimamizi iliyo wazi. Hali hizi mbili ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ili kuhakikisha, fungua "Invite de commandes", lile dirisha jeusi, uandike net localgroup Administrateurs. Hata akaunti ya kawaida inaruhusiwa kusoma orodha hiyo. Na uandike hivyo hivyo kwa Kifaransa: mafunzo mengi ya mtandaoni yana neno la Kiingereza, na kwenye Windows ya Kifaransa neno hilo halitambuliki kama jina la kundi. Watu wameamini mashine yao imeharibika kumbe walikosea lugha tu.

Katika orodha hiyo karibu kila mara utaliona jina "Administrateur". Hiyo ni akaunti iliyozaliwa pamoja na Windows yenyewe, na tangu Windows Vista ya mwaka 2007 huja ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kuiona katika orodha si ushahidi kwamba unaweza kuitumia. Andika net user Administrateur, usome mstari unaosema kama akaunti iko wazi au imefungwa.

Ukikuta jina la mtu, mtafute mtu huyo. Nalisema kwa uzito kwa sababu ndilo nililoliruka. Mpigie simu shemeji, mdogo wako, fundi aliyeweka Windows, mtoto aliye chuoni. Akikumbuka neno lake la siri, yaliyobaki ni mepesi: unaingia kwa akaunti yake, unafungua "Paramètres", kisha "Comptes", unaenda kwa watumiaji wengine, unachagua jina lako, "Modifier le type de compte", unaweka "Administrateur". Halafu unatoka na kuingia upya kwenye akaunti yako, kwa kuwa haki mpya hazianzi kazi mpaka uingie tena.

Kabla ya kumpigia lakini, jiulize kama mashine ni yako kweli. Bukavu imejaa mashirika, na kompyuta nyingi zilizo majumbani ni za kazi, au zilinunuliwa baada ya mradi kufungwa. Kama ni ya kazi, haki ziliondolewa kwa makusudi na mwajiri ndiye wa kuzirudisha, usiiguse. Kama uliinunua, ingia "Paramètres", "Comptes", utazame sehemu ya "Accès Professionnel ou Scolaire". Ukikuta bado imeunganishwa na shirika, rudi kwa aliyekuuzia wakati bado anapatikana. Mashine iliyosajiliwa kwa shirika inaweza, hata baada ya kusafishwa yote, kuwaka na kudai akaunti ya shirika lile lile, na hapo hakuna fundi wa Nyawera wala wa Feu Rouge atakayekusaidia kwa njia ya haki. Karatasi ya mauzo peke yake haitoshi. Wao wenyewe wanapaswa kuiondoa mashine katika orodha yao.

Sasa faili. Hapa chukua muda wako, hata kama ni siku nzima. Akaunti ya kawaida haiwezi kufungua mafaili ya mtumiaji mwingine, lakini ya kwako yote unaweza kuyanakili leo hii, bila ruhusa ya mtu. Yapo kwenye diski C, katika folda ambayo Windows ya Kifaransa inaionyesha kwa jina "Utilisateurs", ingawa jina lake halisi ndani ya diski ni Users. Usishangae dirisha jeusi likikuonyesha hilo la pili. Chukua yaliyo kwenye "Bureau", "Documents", "Images" na "Téléchargements". Watu husahau hii ya mwisho, na ndiyo yenye barua walizotumiwa.

Ukikuta faili lina alama ndogo ya wingu kando yake, tambua kwamba halimo ndani ya mashine. Liko OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, na ili ulinakili ni lazima lishuke kwanza kwa intaneti. Nunua mega za kutosha mapema, usije ukagundua hivyo usiku wa manane huku kifurushi kimeisha. Flashi nayo ina yake: nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Picha elfu zitaingia vizuri, halafu video ya harusi ya dada yako ikataliwe, na ujumbe utakaouona utakufanya udhani flashi imejaa. Tumia diski ya nje, au igawe ile video.

Ukimaliza kunakili, chomoa, nenda kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili matatu manne na kuyasoma. Faili lisilofunguka kwenye mashine nyingine usilihesabu kuwa umelinakili. Na kama kompyuta hiyo nyingine ni ya sekretariati ya barabarani, yaani kibanda cha kuchapa, pima flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuirudisha nyumbani.

Halafu ule ufunguo wa tarakimu 48. Mashine nyingi za miaka hii zina diski iliyofichwa kwa usimbaji, haisomeki bila ufunguo wake, na mwenyewe hajui. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, mashine inayotayarishwa upya kwa akaunti ya Microsoft huwasha ulinzi huo yenyewe ikiwa vifaa vyake vinauweza. Kila siku hutauona. Unajitokeza pale unapobadilisha mipangilio ya ndani kama nilivyofanya mimi, au unapotaka kuwasha mashine katika "Mode sans échec", ile hali salama ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeitayarisha mashine, na unaweza kusomwa kwa simu yoyote yenye intaneti. Uliza ni akaunti ya nani, mwombe auone kwa macho yake, uuandike kwenye karatasi. Ukishaandikwa, ndipo uguse kitu.

Mdogo wangu alipatikana Jumapili jioni. Kule alikokuwa mtandao ulikuwa unakatika, basi alinisomea namba zile kwa makundi kama zilivyoandikwa, makundi manane ya tarakimu sita sita, nami nikizirudia kwa sauti. Kundi la tano tulilirudia mara tatu. Shangazi alikuwa akiziandika pembeni kwenye daftari lake la madeni, na daftari hilo ndilo lililotuokoa: mimi niliandika 71 pale ambapo yeye aliandika 17, na yeye ndiye aliyesikia sawa.

Baada ya hapo tulihitaji neno la siri la mdogo wangu, nalo likakataa mara mbili ingawa alilitaja herufi kwa herufi. Kosa lilikuwa la kibodi. Mashine yenyewe ina vitufe vya QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, maana ilitokea upande wa Uganda, lakini Windows ilikuwa imepangwa kwa AZERTY, mpangilio wa Kifaransa. Ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza W inatoka Z, na namba za juu hazitoki bila kushika "Maj" (Shift). Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote la siri, angalia herufi mbili tatu za alama ya lugha chini kulia mwa skrini, kisha bonyeza jicho dogo lililo mwishoni mwa kisanduku ili uone unachoandika. Katika mazingira ya ukarabati ya Windows utaombwa kuchagua kibodi mwanzoni kabisa, usipite haraka. Na usitegemee zile tarakimu nne za PIN, kwa sababu katika "Mode sans échec" mara nyingi hazipokelewi. Lijue neno la siri lenyewe.

Kama neno hilo la siri ni la akaunti ya Microsoft na limesahaulika, hurejeshwa mtandaoni kwa msimbo unaotumwa kwenye simu au barua pepe. Hakikisha laini ile bado iko hai. Aliyepoteza laini na barua pepe vyote pamoja, akaweka taarifa mpya za usalama, Microsoft humfanya asubiri siku 30. Kama ni akaunti ya ndani ya mashine tu, huenda kuna maswali matatu ya usalama yaliyojibiwa siku ya kuitengeneza. Windows 10 imekuwa na maswali hayo tangu mwaka 2018. Mwulize mwenyewe aliyajibu vipi, na kwa lugha gani.

Kuna jambo moja ambalo fundi wengi hawaambii wateja. Msimamizi akimwekea mtu mwingine neno jipya la siri kwa nguvu, bila lile la zamani, mafaili ambayo mtu huyo aliyasimba kwa njia ya Windows hayafunguki tena, na maneno ya siri aliyoyahifadhi humo hupotea. Ukiweza, mwache mwenye akaunti abadilishe mwenyewe akilijua la zamani.

Kwa ugonjwa ule wa pili, ambapo "Oui" imefifia, jaribu kwanza "Mode sans échec": shika "Maj" huku ukibonyeza "Redémarrer" (kuwasha upya), uifuate njia ya ukarabati. Pasipokuwa na msimamizi mwingine aliye wazi, akaunti ya "Administrateur" inaweza kujitokeza pale na kukuruhusu kurekebisha ya kwako. Isipojitokeza, kinachobaki kwa mtu wa nyumbani ni kuiweka Windows upya. Hata ukichagua kubakiza mafaili, programu zote ulizoweka zitaondoka, basi andika orodha yake na utafute namba za leseni. Na kama ni Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, tazama kama mashine inaipokea Windows 11 ili usifanye kazi hiyo mara mbili. Programu za bure zinazoahidi kuvunja neno la siri usizipakue.

Umeme. Chaji betri mpaka ijae, na uijaribu: chomoa chaja, uone inadumu dakika ngapi. Betri isiyofika saa moja haifai kwa kuweka Windows upya katika mji ambao taa huzimika bila kuaga. Tafuta jirani mwenye betri za sola au jenereta, au ufanye katika saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa unatulia.

Haki zikirudi, zima mashine, iwashe, ingia, ufungue "Vos informations" uone neno "Administrateur" chini ya jina lako. Ile akaunti ya "Administrateur" iliyozaliwa na Windows, kama uliifungua, ifunge tena kwa net user Administrateur /active:no, lakini baada tu ya kuthibitisha kwamba ya kwako inafanya kazi. Acha wasimamizi wawili wanaoaminiana. Shangazi sasa ana akaunti ya usimamizi aliyoiweka kando na ya kawaida ya kuchapia kila siku; maneno ya siri ya zote mbili, pamoja na zile tarakimu 48, yako ndani ya bahasha, katika sanduku lenye hati ya kiwanja. Printa ilianza kuchapa Jumatatu saa mbili asubuhi, na wale wanafunzi wawili walikuwa tayari wamesimama mlangoni.